Mvua ikinyesha baharini, chumvi inakwenda wapi?

Kila masika yanapochachamaa Pwani, maswali mawili huzunguka vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp. La kwanza: mvua yote hii ikimwagika baharini, mbona maji ya bahari hayapoi chumvi? La pili huja na video. Upande mmoja maji ya kahawia, upande wa pili maji ya buluu, mstari katikati, na sauti ya mtu anayeapa kwamba hizo ni bahari mbili ambazo hazichanganyiki kamwe.

Ni maswali ya haki. Mwishoni mwa 2023 El Niño ilileta mvua nzito Kenya, Somalia na Tanzania. Kabla watu hawajakauka, Aprili 2024 ikaja na mafuriko ya Rufiji na Tana, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikagonga pwani ya Tanzania. Mtu aliyeshuhudia maji kiasi kile yakielekea baharini lazima ajiulize yamefanya nini huko.

Majibu yanayotolewa huwa ya aina mbili. Wapo wanaosema bahari ni kubwa mno, mvua haiigusi. Wapo wanaosema mvua kubwa inaosha chumvi, na bahari hubaki na maji yanayokaribia kuwa ya mto. Wote wamekosea, tena kwa sababu ileile: hawajauliza mvua hiyo imechanganyika na maji ya kina gani. Swali la kina likishajibiwa, mengine yote hufuata kwa urahisi.

Chumvi ni ileile, maji ndiyo yanayokuja na kuondoka

Tuanze na kipimo. Chota kilo moja ya maji ya bahari pale Mombasa au Dar es Salaam, uyachemshe mpaka yakauke kabisa. Sufuriani itabaki chumvi ya takribani gramu 35. Basi hicho ndicho kipimo chenyewe: gramu za chumvi katika kila kilo ya maji ya bahari. Hapa nitakiita ukolevu. Wastani wa bahari zote duniani ni 35 hivi, na sehemu kubwa ya bahari kuu iko kati ya 32 na 37.

Chumvi hiyo si ya mezani peke yake. Kloridi na sodiamu huchukua zaidi ya asilimia 85, na zinazobaki ni salfati, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na nyingine kidogokidogo. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alichapisha matokeo ya sampuli 77 zilizokusanywa na meli ya Challenger katika safari yake ya kuizunguka dunia, 1872 hadi 1876. Aligundua kwamba ukolevu hutofautiana kutoka bahari hadi bahari, lakini uwiano wa chumvi hizo kati yao haubadiliki kwa kiasi cha kutajika. Maana yake ni kwamba tofauti kati ya bahari kali, yenye chumvi nyingi, na bahari pole, yenye chumvi kidogo, haitokani na aina ya chumvi. Inatokana na wingi wa maji ambamo chumvi hiyo imeyeyuka.

Chumvi yenyewe asili yake ni miamba. Maji ya mvua hunasa kaboni dioksidi angani na kuwa tindikali hafifu sana, nayo humega madini ya miamba polepole na kuyakabidhi kwa mito. Mipasuko ya volkeno kwenye sakafu ya bahari huongeza yake. Kazi hiyo imechukua mamilioni ya miaka. Kwa mwezi mmoja, kwa mwaka, hata kwa umri wote wa mtu, kiasi cha chumvi kilichomo baharini hakibadiliki kwa namna utakayoiona. Kinachobadilika kila siku ni maji. Jua huyanyanyua kama mvuke na kuiacha chumvi palepale. Mvua na mito huyarudisha.

Hapa niondoe dhana moja ambayo nimeikuta hata kwa watu waliosoma. Mvuke wa bahari haubebi chumvi. Ile chumvi inayoganda kwenye vioo vya madirisha na kula mabati ya nyumba za ufukweni huletwa na vitone vya maji vinavyorushwa na mawimbi na kupeperushwa na upepo. Ndiyo maana mvua inayonyesha juu ya bahari ni maji matamu, yakiwa na chembe ndogo tu za chumvi iliyonaswa njiani.

Kwa hiyo ukolevu wa uso wa bahari ni hesabu ya mapato na matumizi. Mahali ambapo jua huchota kuliko mvua inavyorudisha, maji hukolea. Mahali ambapo mvua na mito hushinda, maji hupoa chumvi. Ndugu zetu walioko Maskati wanaogelea katika maji makali kuliko ya Lamu au Tanga, kwa sababu Bahari ya Arabuni imepakana na majangwa na mvua yake ni haba. Ukolevu huko hupita 36, na ndani ya Ghuba hufika karibu 40. Vuka India upande wa pili, kwenye Ghuba ya Bengal, ambako mvua za msimu humwagika na mito ya Ganges na Brahmaputra humimina maji yake. Kaskazini mwa ghuba hiyo uso wa bahari hushuka chini ya 33, na baada ya msimu wa mvua huweza kushuka hata chini ya 30. Bahari hizo mbili ziko kwenye latitudo zilezile na zinapigwa na jua lilelile, lakini hesabu ya maji ndiyo iliyozitenganisha.

Mvua moja, majibu matatu

Sasa tuje kwenye kiini. Mvua ya milimita 10 maana yake ni lita 10 za maji juu ya kila mita moja ya mraba. Chukulia imenyesha juu ya bahari yenye ukolevu wa 35. Ukolevu utakuwa ngapi?

Jibu linategemea kina. Maji hayo yakichanganyika na sentimita 10 za juu tu, ukolevu wa sehemu hiyo utashuka hadi 31.8, na hilo ni badiliko kubwa kwa bahari. Yakichanganyika na mita moja, utashuka hadi 34.65, jambo ambalo ulimi hautalitambua ingawa kifaa cha kawaida kitalinasa. Yakikorogwa mpaka mita 50 kwenda chini, utabaki 34.99, na hapo unahitaji kifaa kizuri kweli. Mvua ni moja na chumvi ni ileile. Kina ndicho kilichobadilika.

Ndiyo maana wanaosema bahari ni kubwa mno na wanaosema mvua inaosha chumvi hawawezi kukubaliana. Wa kwanza anafikiria bahari nzima, na kwa hilo yuko sahihi kupita anavyodhani. Mvuke wote ulioko angani duniani, ukishuka siku moja kama mvua iliyotapakaa sawasawa, ungetoa tabaka la maji la milimita 25 hivi. Wastani wa kina cha bahari ni mita 3,700. Ukolevu wa bahari nzima ungepungua kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya gramu. Wa pili anafikiria maji aliyoyagusa kwa mkono dakika chache baada ya mvua, naye ana ushahidi wake. Tatizo ni kwamba bahari haichanganyiki yote kwa mara moja.

Kwa nini isichanganyike? Kwa sababu ya uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ya mvua ina uzito wa kilo 1,000 hivi. Mita hiyohiyo ya maji ya bahari yetu ya joto ina kilo 1,020 na ushee, kwa kuwa ndani yake mna karibu kilo 36 za chumvi. Maji mepesi hukaa juu ya mazito. Wengine hudhani maji ya mvua huzama kwa vile ni ya baridi, na ni kweli kwamba huwa yamepoa nyuzi kadhaa kuliko bahari ya tropiki, na ubaridi huongeza uzito. Lakini chumvi ina nguvu kubwa zaidi katika hesabu hii. Kwenye maji ya joto kama yetu, kupunguza gramu moja tu ya chumvi katika kilo huyapunguzia maji uzito kuliko kuyapasha joto kwa nyuzi 2. Maji ya mvua yanakosa gramu zote 35. Hayana namna ya kuzama.

Mfano ulio karibu ni chai iliyotiwa sukari bila kukorogwa. Ukionja ya juu utasema aliyeiandaa amesahau sukari. Ukifika chini utakunja uso. Sukari haikupungua hata chembe, kilichokosekana ni kijiko. Baharini kijiko ni upepo.

Fuatilia mvua moja ya mchana juu ya bahari iliyotulia. Matone makubwa yanapopiga maji hutumbukia na kuchafua sentimita chache za juu, kwa hiyo mvua huanza kujikoroga yenyewe kidogo. Inapozidi kumwagika, hujengeka utando wa maji mapole, wa sentimita kadhaa hadi mita chache, unaoelea juu ya bahari yenye chumvi yake kamili. Utando huo ukishakuwepo hujilinda. Kwa kuwa ni mwepesi, mawimbi madogo hupata kazi kuuvuta chini, na nguvu ya upepo hafifu huishia humohumo kwenye tabaka la juu. Mabaharia wamejua tangu zamani kwamba mvua nzito hulaza mawimbi madogo.

Upepo ukiwa mkali, kama wakati kusi imeshika, utando huvurugwa hata kabla mvua haijakatika, na vipimo vya juu havitaonyesha kitu. Upepo ukiwa dhaifu, katika siku za maleleji kaskazi imeondoka na kusi haijasimama vizuri, utando huweza kudumu saa nyingi, hata kufikia siku nzima. Sasa tazama kalenda yetu: masika hunyesha Machi hadi Mei, na sehemu yake kubwa huangukia humohumo katika majira ya mageuzi ya pepo. Mvua kubwa hukuta kijiko kimelala.

Na utando unapotoweka, chumvi haijarudi kutoka popote. Ilikuwepo chini muda wote. Upepo wa alasiri, mawimbi, au ubaridi wa usiku unaoyafanya maji ya juu kuwa mazito, huyakoroga maji mpaka yakalingana. Kisha jua huendelea kuchota. Kwa wastani wa dunia, bahari hupoteza kwa mvuke tabaka la maji la mita moja na ushee kila mwaka. Mvua hurudisha sehemu kubwa ya hilo, na mito hukamilisha.

Ile video ya bahari mbili

Maji ya kahawia ya kwenye video, mara nyingi, hayakunyesha pale. Yalinyesha bara. Tofauti ni kubwa, kwa sababu mvua inayoangukia baharini imetawanyika, na inayoangukia bara hukusanywa na bonde zima kisha kutolewa kwenye mlango mmoja. Bonde la Rufiji peke yake linachukua karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maji ya nyanda za juu za Iringa na Mbeya, ya Kilombero na ya Luwegu, yote hutokea deltani mbele ya Kisiwa cha Mafia. Kenya, mto Sabaki hufanya vivyo hivyo kaskazini mwa Malindi, na wenyeji wa huko hawahitaji kipimo kujua kwamba mto umeshuka: bahari hugeuka rangi ya udongo.

Maji ya mto ni matamu, kwa hiyo yakifika baharini huelea, kama mvua. Yanasambaa juu ya maji ya chumvi kama tabaka jembamba, na pale ukingo wake unapokutana na bahari maji hukusanyana na kushuka. Povu, vijiti, majani na takataka, kwa kuwa haviwezi kuzama, hubaki vimejipanga kwenye mstari. Huo ndio mstari wa kwenye video. Boti ya injini ikikatiza ndani ya maji ya kahawia, mara nyingi rafadha hufumua maji masafi kutoka chini na kuacha mkuza wa rangi nyingine nyuma yake. Bahari inayodaiwa kutochanganyika na jirani yake iko palepale, mita moja au mbili chini ya jirani huyo.

Picha mojawapo ya aina hii iliyosambaa sana ilipigwa mwaka 2007 kwenye Ghuba ya Alaska, na mtafiti aliyekuwa melini akichunguza madini ya chuma yanayoletwa baharini na mito ya barafu. Maji ya upande mmoja yalikuwa yamebeba vumbi laini la miamba iliyosagwa na barafu. Huchanganyika. Mpaka husogea kila siku, hupinda, hukatika, na mbali kidogo hupotea, huku mto ukileta maji mengine na kuuchora upya. Wapo wanaoihusisha picha hiyo na aya za Qurani zinazotaja maji matamu na maji ya chumvi. Tafsiri ya aya ina wenyewe na si kazi ya makala haya. Ninachosema ni kwamba picha ile si ya bahari mbili. Ni ya maji ya mto na bahari moja, siku moja, saa moja.

Ukubwa wa alama za mito hushangaza ukizitazama kutoka juu. Mto Kongo ni wa pili duniani kwa wingi wa maji, baada ya Amazon. Humimina Atlantiki wastani wa takribani mita za ujazo 41,000 kila sekunde. Mvua inayonyesha Kindu au Kisangani, na hata maji yanayotoka Ziwa Tanganyika kwa mto Lukuga pale Kalemie, huishia kupooza chumvi ya bahari nje ya Muanda, na tabaka hilo pole huonekana na setilaiti likiwa limesambaa mamia ya kilomita baharini.

Kwa nini vipimo viwili vinaweza kupingana na vyote vikawa kweli

Siku hizi ukolevu haupimwi kwa kuchemsha. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu, kwa hiyo kifaa hupima upitishaji huo na joto, kisha hukokotoa. Vifaa vya mpango wa kimataifa uitwao Argo hufanya hivyo baharini vikiwa peke yao. Ni maboya karibu 4,000 yanayoelea na mikondo. Kila siku 10 boya huzama mpaka mita 2,000, hupanda likipima njia nzima, na kutuma matokeo kwa setilaiti.

Ila mengi ya maboya hayo husimamisha pampu yake yakikaribia mita 5 za mwisho, ili uchafu wa juu usiharibu kifaa. Kumbuka utando wetu una unene gani. Boya linaweza kupanda katikati ya mvua kubwa na kuripoti 35 safi kabisa.

Kutoka angani hali ni kinyume. Setilaiti ya Ulaya iitwayo SMOS ilirushwa Novemba 2009, ikafuatwa na Aquarius ya Marekani na Argentina iliyofanya kazi kuanzia 2011 hadi 2015, kisha SMAP ya Marekani mwaka 2015. Zinapokea mnunurisho hafifu wa mawimbi ya redio yanayotoka kwenye maji yenyewe, na nguvu ya mnunurisho huo hubadilika kidogo kulingana na chumvi. Ishara hiyo hutoka kwenye sentimita moja ya juu. Kwa hiyo setilaiti huona utando tu, na boya huona kila kitu isipokuwa utando. Wanasayansi walipoanza kulinganisha data za pande hizo mbili chini ya mawingu ya mvua, zilipishana, na ilibidi waende kuangalia wenyewe. Mwaka 2016 na 2017 mradi wa utafiti uitwao SPURS-2 ulifanya kazi mashariki mwa Pasifiki ya tropiki, kwenye ukanda wa mvua, ukipima kuanzia sentimita za juu kabisa kwenda chini wakati mvua inanyesha. Nauona kuwa mfano mzuri wa sayansi iliyokataa kuchagua kipimo kimoja na kukitupa kingine.

Kwa nini kujisumbua hivyo kwa gramu mbili tatu? Sababu mojawapo ni kwamba sehemu kubwa ya mvua ya dunia, zaidi ya robo tatu, huangukia baharini, ambako hakuna vipimamvua vya kutosha. Bahari yenyewe huweka kumbukumbu. Uso wake ukipoa chumvi mwaka hadi mwaka, mvua imeongezeka au mvuke umepungua. Ukikolea, ni kinyume. Mwaka 2012 Paul Durack na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipimo vya 1950 hadi 2000, wakaonyesha kwamba katika muda huo sehemu za bahari zilizokuwa kali zilizidi kuwa kali, na zilizokuwa pole zilizidi kupoa chumvi. Kwa makadirio yao, mzunguko wa maji wa dunia uliongezeka nguvu kwa karibu asilimia 4. Inaendana na fizikia: kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Wastani wa chumvi haukubadilika. Pengo kati ya bahari na bahari ndilo lililopanuka.

Sababu nyingine ni joto. Tabaka pole la juu likidumu, kama linavyofanya Ghuba ya Bengal kwa miezi, huzuia maji ya baridi ya chini yasipande. Kimbunga kinapopita juu ya bahari ya kawaida hukoroga maji ya chini na kuyaleta juu, na ubaridi huo hukipunguzia nguvu. Juu ya bahari iliyofunikwa na maji mapole, korogo hilo hukwama, uso hubaki wa moto, na kimbunga huendelea kula. Maji ya mvua ya jana yanaweza kusaidia kukilisha kimbunga cha kesho.

Kwenye mashamba ya mwani

Tuje mahali ambapo jambo hili linagusa mfuko wa mtu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kamba hufungwa kwenye vigingi katika maji ya kina kifupi ndani ya miamba, Paje, Jambiani, Bwejuu na kwingineko, na kazi hufanyika bamvua maji yakipwa. Kuna spinosum, ambayo ni ngumu zaidi, na cottonii, yenye bei nzuri lakini isiyovumilia, ambayo imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi hasa kwa sababu ya joto. Mwani uliosumbuliwa, na joto, na mwanga mkali au na maji yaliyopoa chumvi, hushambuliwa na ugonjwa unaoyafanya matawi yake kuwa meupe, laini, kisha kukatika.

Hesabu yetu ya kina inaeleza kwa nini mvua ileile huua shamba moja na kuliacha jirani yake. Mvua ya milimita 50 kwa siku ni kubwa. Ikinyesha maji yamejaa, mita tatu juu ya kamba, na ikachanganyika yote, ukolevu hushuka kutoka 35 hadi 34.4. Mwani hautajua kama kulinyesha. Ikinyesha maji yamekupwa na kubaki sentimita 20, ukolevu hushuka hadi 28. Ongeza na maji yanayotiririka kutoka barabarani na yale yanayopenya kwenye jiwe la matumbawe na kutokea chini ya mchanga wa ufukwe, na hali huwa mbaya zaidi. Saa ya mvua, ukilinganisha na kupwa na kujaa, ina uzito sawa na wingi wake.

Matumbawe yamewahi kuonyesha jambo hilohilo kwa gharama kubwa. Kwenye Ghuba ya Kaneohe, Hawaii, mafuriko ya 1965 na yale ya mwishoni mwa 1987 yaliyaua matumbawe ya juu. Mwaka 1987 vifo vilikuwa zaidi kwenye mita moja hadi mbili za juu. Yaliyokuwa chini ya hapo yalinusurika, kwa sababu maji matamu yalipita juu yake bila kuyafikia.

Wenye mashamba ya chumvi nao, kuanzia Malindi mpaka Bagamoyo, Lindi na Pemba, wanapambana na upande wa pili wa hesabu hii. Wao huhitaji jua lichote maji na kuacha chumvi, kwa hiyo huvuna kiangazi. Mvua moja nzito juu ya jaruba lililokaribia kuvunwa huyeyusha kazi ya wiki nzima.

Kwa kikundi cha wakulima wa mwani, kupima si jambo la maabara. Haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maji, inatosha kuona badiliko la gramu chache, mradi maji yote yapimwe yakiwa na joto linalolingana. Kosa la kawaida ni kuchota kwa kopo juujuu, halafu kuamua kwamba shamba limeharibika. Chukua sampuli mbili: moja ya juu kabisa, nyingine kwa chupa tupu iliyozibwa, iliyozamishwa mpaka usawa wa kamba na kuzibuliwa hukohuko. Kama ya juu imeshuka sana na ya kamba iko karibu na kawaida, utando umepita juu ya mwani na upepo utaumaliza. Kama zote mbili zimeshuka, na bamvua bado ina siku kadhaa, mwani uliokaribia wiki sita ni afadhali uvunwe sasa, na ule ambao bado ni mchanga usogezwe kwenye maji ya kina zaidi.